Mnyama Aitwaye Mbuzi

Sisi tunaosoma lugha tumezoea kuuliza neno limetoka wapi kabla ya kuuliza linatupeleka wapi. Safari hii naomba wenzangu tulifuate neno moja tu: Khimaira. Waliopita Latin-Philo wamelikuta kwa Virgil, wengine wamelikuta kwenye filamu, na wote tunalijua kwa sura yake ya Kifaransa, chimère. Ni jina la mnyama wa kutisha katika hadithi za Wagiriki: simba upande wa mbele, nyoka upande wa nyuma, mbuzi katikati, na pumzi yake ni moto. Lakini ukifungua kamusi ya Kigiriki, neno hilo halianzi na moto wala na simba. Maana yake ya kwanza ni mbuzi jike ambaye bado mchanga. Wachunguzi wa asili ya maneno hulihusisha na neno la Kigiriki la majira ya baridi: mbuzi aliyepita baridi moja tu tangu azaliwe.

Wagiriki wenyewe waliendelea kulitumia neno hilo kwa maana hiyo ya kawaida. Xenophon anaeleza kwamba Waathene, kabla ya kupigana na Waajemi, walimwahidi Artemis mbuzi mmoja kwa kila adui watakayemuua. Maiti zikawa nyingi kuliko mbuzi waliopatikana, basi wakaamua kutoa 500 kila mwaka. Mbuzi hao anawaita khimairai. Aeschylus naye, katika tamthilia ya Agamemnon iliyochezwa mwaka 458 kabla ya Kristo, anasimulia jinsi Iphigenia alivyoinuliwa juu ya madhabahu ili auawe na baba yake. Msichana huyo anafananishwa na khimaira. Kwa hiyo neno moja linabeba mnyama anayeteketeza nchi nzima, na pia kiumbe dhaifu anayeshikwa miguu na kupelekwa kwenye kisu.

Kwa nini mnyama mwenye kichwa cha simba na mkia wa nyoka aitwe kwa kiungo chake cha upole kuliko vyote? Watu wa kale waliulizana. Servius, aliyewaeleza Warumi mashairi ya Virgil, alisema Khimaira ni mlima: kileleni kuna moto na simba, katikati malisho ya mbuzi, chini nyoka. Plutarch anataja maelezo mengine, ya jambazi wa baharini mwenye jina linalokaribiana na hilo, ambaye merikebu yake ilikuwa na simba mbele na nyoka nyuma. Ni kweli kwamba katika nchi iliyokuwa Lukia, kusini mwa Uturuki ya leo, kuna mahali paitwapo Yanartaş, ambapo gesi hutoka katika nyufa za mawe na kuwaka usiku na mchana. Maelezo haya yanatuonyesha moto na malisho, lakini hayajibu swali langu. Mlima ule ungeweza kuitwa Simba.

Jibu ninalolipenda silipati kwenye vitabu bali kwenye sanamu. Mwaka 1553, mafundi waliokuwa wakichimba misingi huko Arezzo, Italia, walifukua Khimaira wa shaba nyeusi, kazi ya Waetruski. Leo yuko katika makumbusho ya mambo ya kale ya Florence. Mkia wa nyoka tunaouona uliongezwa katika karne ya 18. Vilivyobaki vya asili ni simba na mbuzi. Simba amefungua kinywa, ananguruma. Kichwa cha mbuzi kinatoka mgongoni, kimelegea upande, na shingoni pana jeraha linalotoka damu. Mimi nimeiona kwenye picha tu, lakini niliikazia macho muda mrefu, nikafikiri: pigo la Bellerophon limeingia kwa mbuzi. Simba ni kelele, nyoka ni sumu, lakini uhai wa mnyama huyu uko kwa yule aliye katikati. Labda ndiyo sababu ameitwa kwa jina lake.

Msomaji wa Kiswahili hatashangaa sana. Katika kitabu cha ngano za Waswahili alichokitoa Edward Steere mwaka 1870 kuna hadithi ya Sultani Majinuni na nunda mla watu. Nunda huyo hakutoka msituni wala kuzimu. Alikuwa paka wa sultani mwenyewe. Alianza kula mifugo, watu wakalalamika, sultani akasema paka ni wake na mali ni yake. Akala mbuzi, akala ng'ombe, akala watoto wa watu, mwisho akala watoto wa sultani. Kisha mtoto mdogo anatoka kwenda kumwinda, na kila mnyama anayemuua anamletea mama yake akidai ndiye nunda, na kila mara mama anamjibu kwamba siye. Paka wa nyumbani, mbuzi wa zizini: Wagiriki na Waswahili walijua kwamba kinachotuangamiza mara nyingi kimekula kwanza mkononi mwetu.

Sasa tuone huyu Khimaira anaingiaje katika hadithi. Katika wimbo wa sita wa Iliad, Homer anasimulia kwamba Bellerophon alikuwa mgeni wa mfalme Proitos. Mke wa mfalme akamtamani kijana, kijana akakataa, mwanamke akamsingizia kwa mume wake. Proitos aliona haya kumuua mgeni kwa mkono wake mwenyewe. Akachukua kibao kinachokunjwa, akaandika ndani yake alama za kifo, akampa Bellerophon ampelekee baba mkwe wake, mfalme wa Lukia. Huyu akampokea vizuri, akachinja ng'ombe tisa kwa siku tisa. Siku ya kumi akaomba kuona barua. Alipoisoma, akamtuma kijana akapigane na Khimaira.

Walimu wetu wamekwisha kutuambia umuhimu wa mahali hapa: ndipo peke yake katika mashairi ya Homer panapotajwa kitu kinachofanana na maandishi. Mara moja tu katika nyimbo 48 za Iliad na Odyssey mtu anaandika, na alichoandika ni hukumu ya kifo, na anayeibeba ndiye atakayekufa. Khimaira hakumvamia Bellerophon njiani. Alitoka ndani ya barua.

Niliposoma ukurasa huo kwa mara ya kwanza, nilimfikiria mama mmoja wa avenyu yetu, mjane, anayeuza unga kwa kopo mbele ya nyumba yake. Mwaka niliomaliza humanités alikuja kwetu jioni na karatasi aliyoikunja mara nne katika pembe ya kitenge. Alikuwa ameitoa kwenye ofisi moja na kuipeleka kwenye ofisi ya pili kwa miguu yake. Huko wakaipiga muhuri, wakambakishia nakala. Alitaka tu nimwambie siku ya kurudi. Ilikuwa Kifaransa, kurasa mbili. Niliisoma mara ya kwanza kimya, kisha mara ya pili, kwa sababu sikujua nianzie wapi kumwambia. Karatasi ilisema kwamba yeye, aliyeweka dole gumba hapo chini, anakubali kuiacha parseli ya marehemu mume wake kwa hiari yake. Aliniuliza, "Inasema nini, baba?" Nikamtafsiria neno kwa neno. Alikaa chini juu ya gunia. Kisha akasema, "Basi ni mimi mwenyewe niliwapelekea."

Alihangaika miezi mingi na shemeji zake, na wazee wa kartie, na ofisi zile zile. Mwishowe alibakiwa na nusu ya parseli, upande wa barabara, na unga anauza hadi leo. Sisimulii hili ili nilaumu lugha ya Kifaransa, ambayo naipenda na inayonilisha akili. Nasimulia kwa sababu siku hiyo nilielewa kazi ya mtafsiri ni nini. Bellerophon alikuwa na nguvu, uzuri na ushujaa. Alichokikosa ni mtu mmoja njiani wa kumsomea kibao.

Ndiyo maana nilipofika mwaka wa kuchagua TFC niliamua kutafsiri kwa Kiswahili hadithi ya Bellerophon, kutoka Homer na kutoka Pindar, pamoja na maelezo kuhusu majina. Na jina lililonitesa kuliko yote ni hili la mnyama.

Njia ya kwanza ni kuacha sauti ya Kigiriki na kuivalisha nguo ya Kiswahili: kimera. Lakini sikio la Kiswahili halisikii mnyama hapo. Linasikia kimea, ile nafaka iliyochipua ya kutengenezea pombe, na kila mtu anajiuliza pombe imeingiaje vitani. Zaidi ya hayo, ki- ya mwanzo inageuka kiambishi bila kuombwa. Ukisema kimera kimoja na vimera viwili, umemtia mnyama wako kwenye ngeli ya viti na vijiko, au kati ya vijitu na vitoto, na amepungua kimo kabla hata hajapumua moto.

Njia ya pili ni kusema zimwi. Neno ni letu na linaeleweka mara moja. Lakini zimwi la ngano zetu lina tabia zake: linakula watu, linajigeuza, linadanganywa na mtoto mwerevu. Tukiita kila mnyama wa Wagiriki zimwi, tutakuwa na zimwi Khimaira, zimwi Sphinx, zimwi Hydra, na msomaji hatajua yupi ni yupi. Na mbuzi atakuwa amepotea kabisa.

Njia ya tatu ilinifurahisha usiku mmoja hata nikaamka kuiandika. Kiswahili kina kipawa ambacho Kigiriki hakina: sarufi yetu yenyewe inazaa majitu. Tunamchukua nyoka, tunamwondolea kichwa cha neno, anakuwa joka. Mtu anakuwa jitu, mbwa anakuwa jibwa. Basi mbuzi anakuwa buzi! Neno moja lenye mnyama wa zizini na kitisho ndani yake, kama khimaira yenyewe. Asubuhi niliwasomea wenzangu wawili. Mmoja, aliyeishi Dar es Salaam na shangazi yake, alicheka mpaka akashika tumbo. Huko, alisema, buzi ni mwanamume mwenye pesa anayechunwa na mwanamke mjanja. Nikawaza msomaji wa Tanzania akifika pale Bellerophon anapomrukia buzi kutoka angani na kumchoma. Nikaifuta.

Kuna njia ya nne, na hiyo ndiyo iliyonigusa mimi mwenyewe: kufuata maana ambayo neno limepata leo. Cicero, miaka 45 hivi kabla ya Kristo, tayari anamtumia Khimaira kama mfano wa kitu ambacho hakuna mtu mwenye akili anayeamini kwamba kiliwahi kuwapo. Wanafalsafa wa zama za kati walimtumia vivyo hivyo katika mazoezi ya mantiki: unawezaje kusema kweli juu ya kitu kisichokuwapo? Kufikia Kifaransa, mnyama ameshakufa, na ngozi yake imebaki ikiitwa chimère: ndoto ya mchana, wazo zuri lisilowezekana. Nerval aliita mashairi yake Les Chimères mwaka 1854. Baudelaire, katika Le Spleen de Paris iliyotoka 1869 baada ya kifo chake, ana watu wanaotembea kila mmoja na chimère yake mgongoni, nzito kama gunia, na hakuna anayeshangaa kuibeba.

Mjini kwetu neno hilo limekwisha kuwa Kiswahili. Baba mukubwa, anayenilipia minervali, alilitamka siku nilipomweleza TFC yangu. Ni mtu wa reli, amestaafu, na kila faranga aliyonipa ilikuwa na kazi nyingine ya kufanya. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Shimeri, mutoto. Ile ni shimeri tu." Kiswahili, alisema, hata muuza makala anacho, hakuna mtu analipwa kwa kitu ambacho wote wanacho. Kifaransa kinafungua mlango wa ofisi, Kiingereza kinafungua mlango wa kampuni za mgodi. Kiswahili kinafungua mlango gani?

Nilimheshimu, sikumjibu kwa ukali. Nilimwambia tu kwamba neno alilolitumia, kwa wenyewe waliolitunga, maana yake ni mbuzi. Akanitazama. "Mbuzi iko na bei yake sokoni," akasema. "Na ile TFC yako iko na bei gani?"

Sijapata jibu zuri kuliko swali lake. Sisi sote hapa kitivoni tunaulizwa hivyo nyumbani, na wanaotuuliza si wajinga. Wanajua bei ya unga, ya kodi na ya karatasi ya fotokopi. Lakini hata minervali anayonilipia inabeba jina la mungu-mke. Kwa Kilatini minerval ilikuwa malipo ambayo mwanafunzi alimpa mwalimu wake, na imetokana na Minerva, ambaye Wagiriki walimwita Athena. Pindar anasimulia kwamba Bellerophon alihangaika sana kumkamata farasi mwenye mabawa, Pegasus, asiweze, mpaka Athena alipomjia usingizini akamwachia lijamu ya dhahabu. Kwa lijamu hiyo akapanda angani na kumshinda Khimaira kutoka juu. Kwa hiyo kila mwaka baba mukubwa, bila kutaka, analipa mbele ya dirisha la kashia bei ya lijamu ile. Aliyesema shimeri ndiye anayenipa kitu cha kuishinda. Na alilipa tena mwaka huu.

Wengine nao hawakukubali kwamba mnyama huyu ni wazo tupu. Mwaka 1907 Hans Winkler, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, aliunganisha mnavu na nyanya, akapata mmea mmoja uliokuwa na sehemu za mimea yote miwili. Akauita chimera, na tangu hapo biolojia inatumia jina hilo kwa kiumbe chochote chenye chembe za viumbe wawili katika mwili mmoja. Kisichowezekana cha Cicero kilikuwa kimeota ndani ya chungu cha maua. Waandishi wa hadithi nao wamemrudishia pumzi. John Barth wa Marekani aliita kitabu chake Chimera mwaka 1972, na ndani yake Bellerophon ni mtu wa makamo mwenye wasiwasi kama hadithi yake inalingana na hadithi za mashujaa. J. K. Rowling alimweka katika orodha yake ya wanyama wa ajabu ya mwaka 2001. Rick Riordan, mwaka 2005, alimpeleka juu ya tao kubwa la mji wa St. Louis, akiwa na sura ya kijibwa cha kubebwa mkononi, kabla hajajigeuza. Riordan anawaandikia watoto, lakini hapo amegusa siri ya zamani: mnyama wa kutisha anaingia nyumbani akiwa mdogo, amefungwa kamba, na jina la kawaida.

Basi katika TFC yangu nimeamua hivi. Jina nimeliacha Khimaira, kwa kh, herufi ambazo msomaji wa Kiswahili anazijua kutoka kheri na khiyana, na halina ki- ya kulipotosha. Nimempatanisha kama tunavyompatanisha mnyama yeyote: Khimaira alipumua, Khimaira aliuawa. Na pale anapotajwa kwa mara ya kwanza, nimeongeza ndani ya sentensi yenyewe, bila tanbihi, kwamba jina hilo ndilo Wagiriki walilomwitia mbuzi jike. Najua mwalimu mmoja au wawili watasema mtafsiri hana ruhusa ya kuongeza. Nitajitetea kwamba msikilizaji wa Homer hakuhitaji kuelezwa. Yeye alisikia mbuzi papo hapo, na zizi lake lilikuwa karibu. Nikimnyima msomaji wangu mbuzi huyo, nimempa kibao kilichokunjwa.

Shimeri nimeiacha pia, lakini mahali pengine: katika utangulizi, kama neno la Kiswahili cha mji wetu, lenye maana yake na mfano wake wa matumizi. Sikutaja nani alilisema. Baada ya hapo nimetoa fotokopi moja zaidi ya sura ya barua, sura ya pili, kwa herufi kubwa. Hiyo si ya jopo la walimu. Ni ya mama wa unga, ambaye hasomi Kifaransa, ila Kiswahili anakisoma vizuri, kwa sauti, kidole chini ya mstari. Ameniambia nisimsomee, atasoma mwenyewe.